Mwendo wa Haraka wa Bi Prufu

Kazi iliyompa Bi Prufu jina lake ilikuwa kazi ya kutoamini. Miaka yote aliyokaa katika kiwanda cha uchapaji, kila ukurasa wa kwanza uliotoka mashineni uliletwa mezani kwake, wino haujakauka, autafutie makosa kabla kitabu hakijachapwa. Ukurasa huo wachapaji waliuita prufu, na yeye wakamwita Bi Prufu, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa heshima, mpaka hapakuwa na aliyemwita vinginevyo. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia mstari wa kuogopa ni ule ulionyooka, kwa kuwa jicho huteleza juu yake likapita. Basi akazoea kusoma kila kitu mara mbili: vitabu, maandishi ya kwenye pakiti za chumvi, na nyuso za watu.

Mumewe alikuwa Bwana Chapa, msimamizi wa mashine, mtu aliyerudi nyumbani na wino kwenye kucha lakini kola ya shati nyeupe pee. Alipofariki alimwachia mkewe vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye orofa ya tatu, madirisha yakitazama barabara. Cha pili kilikuwa jina. Ukitaja nyumba ya Bwana Chapa mtaani, hakuna aliyeguna wala kubetua midomo. Hapakuwahi kusikika ugomvi humo, wala mtu kutolewa nje usiku na mabegi yake. Bi Prufu alivilinda vyote viwili kama mboni ya jicho, na alivyoona yeye, ukipoteza kimoja na cha pili kitafuata.

Taabu ilianzia kwenye ngazi. Siku moja alirudi sokoni na kikapu cha viazi na vitunguu, akafika pale ngazi zinapopinda kwenda orofa ya pili, pumzi zikamwishia. Ziliisha kabisa, kama maji ya bomba. Akakaa. Mama ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa chini mahali pa kupita watu, alikaa ngazini na kikapu mapajani, mdomo wazi. Jirani wa orofa ya pili alimkuta hivyo akapiga ukelele, na kabla viazi havijatulia kikapuni habari ilikuwa imeshafika saluni kwa mkwewe.

Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa msusi. Mikono yake ilikuwa myepesi, ulimi mwepesi zaidi, na kicheko chake kilifika mahali kabla yake. Alikuja akamtumikia mama mkwe vizuri siku ile: akamfuta jasho, akambebea kikapu, akampeleka kwa daktari bila kunung'unika. Tangu aolewe, Bi Prufu hakuwa amempata na kosa hata moja. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha raha. Mstari ulinyooka mno.

Daktari alisema moyo hauna kasoro, ila mwili umekaa muda mrefu bila kushtuliwa, ndiyo maana pumzi zimekuwa fupi. Akampeleka kwa binti wa mazoezi hapo hapo kliniki, msichana mwenye viatu vya raba na filimbi shingoni.

"Mama, wewe nitakupa mwendo wa kupokezana," alisema binti wa kliniki. "Kipande unakwenda kwa nguvu, kipande unakwenda polepole urudishe pumzi. Halafu tena kwa nguvu. Hivyo hivyo, karibu kila siku."

"Kwa nguvu kiasi gani?"

"Mpaka uheme, Mama."

"Niheme vipi? Kuna kuhema na kuhema."

Binti akacheka, akafungua mdomo kujibu, lakini Msusi akamwahi. "Usijali, dada, nitamsimamia mwenyewe. Mimi nitamkimbiza!"

Wakacheka wote wawili. Bi Prufu hakucheka. Aliuliza swali la maana, jibu likamezwa na kicheko, na neno lililobaki mezani lilikuwa hilo: nitamkimbiza.

Jioni ile mwanawe alikuja, naye alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana leo na kupotea wiki kadhaa. Alikaa kwenye kiti cha babake, akakunja mikono.

"Mama, hamia kwangu. Kile chumba cha nyuma kiko wazi, na ni chini, hakina ngazi."

"Kile mnachowekea matairi?"

"Tutayatoa."

"Na harufu yake nayo mtaitoa?"

Dereva akashusha pumzi. Alimjua mamake. "Basi tuelewane hivi. Safari yangu hii ni ndefu. Nikirudi, utapanda ngazi kutoka chini mpaka mlangoni kwako mbele ya macho yangu, bila kukaa, bila kusimama. Ukiweza, sitalitaja tena. Ukishindwa, unahama, na hatubishani."

"Na nyumba ya babako?"

Msusi, aliyekuwa akikusanya vikombe, alijibu kabla ya mumewe. "Wala usijali, Mama, nyumba haitakosa mtu."

Alilisema akielekea jikoni, kirahisi. Bi Prufu alilisoma mara mbili. Haitakosa mtu. Mtu gani?

Asubuhi yake alishuka kwenda kununua mkate, akamkuta shemejiye pale chini ya ngazi. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, fundi wa kuchonga funguo, na kibanda chake kilibana mlango wa jengo hivi kwamba hakuna aliyetoka wala kuingia bila kupita chini ya mdomo wake.

"Shemeji! Nasikia unafundishwa kutembea."

"Ni daktari amesema."

"Na miaka yote hii ulikuwa ukifanya nini, ukipaa?"

"Nilikuwa nikikukwepa wewe."

Shemeji akacheka mpaka tindo ikamponyoka. Kisha akainamisha kichwa, akanong'ona kwa sauti ya kuigiza majonzi. "Lakini uwe macho, shemeji yangu. Mkwe anayemkimbiza mama mkwe wake, yeye mwenyewe ana haraka ya nini?"

Ulikuwa utani, na Bi Prufu alijua ni utani. Alipanda nao mpaka orofa ya tatu hata hivyo, ukimchoma kama mwiba ndani ya soksi.

Njia yao ilikuwa moja. Kutoka mlango wa jengo mpaka duka la vioo walikwenda polepole. Kutoka duka la vioo mpaka geti la shule ndicho kilikuwa kipande cha nguvu. Kisha polepole mpaka kwa muuza mboga, na kurudi vivyo hivyo. Msusi alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, viatu vimefungwa kamba barabara.

"Haya Mama, sasa! Haraka! Chapua, Mama, chapua! Mikono nayo!"

Bi Prufu aliinua mikono. Miguu aliiacha ilivyo. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba hawatamuua kirahisi hivyo, mbele ya watu, kwa viatu vya raba. Atafuata masharti kwa nje, na ndani atabaki na akili zake. Akaenda kipande cha haraka kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza bibi harusi.

Tena alikuwa na sababu ya pili, na hii hakuona haya kuitamka. Yeye hakuwa mtu wa kuwapita watu kama gari la mizigo. Fundi vioo alikuwa mlangoni kwake kila asubuhi, akipangusa vumbi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Mama."

"Na yule mtoto aliyeumwa jicho?"

"Amepata nafuu."

"Mamake naye, ule mguu?"

Pembeni Msusi alikuwa akirukaruka kwa vidole vya miguu. "Mama, hiki ndicho kipande cha haraka!"

"Haraka ya kumkosea mtu adabu?"

Wakiondoka hapo, Bi Prufu alianza kuzungumza. Alimweleza mkwewe jinsi pazia linavyofuliwa, jinsi mgeni anavyosindikizwa, kwa nini mwanamke wa nyumba ya heshima hacheki akasikika mtaa wa pili. Alieleza kwa sentensi ndefu zilizokamilika, kila kituo mahali pake, kutoka duka la vioo mpaka geti la shule, na sauti haikutetereka hata mara moja. Msusi alikuwa anaitikia, "Ndiyo, Mama. Nimesikia, Mama," akifuta jasho lake mwenyewe.

Hivyo ndivyo walivyokwenda, wiki baada ya wiki.

Siku moja Bi Prufu alishuka mapema kuliko kawaida, kwa hatua zake za kimya. Alipofika kwenye kona ya mwisho ya ngazi alimwona shemeji akiweka kitu kwenye kiganja cha Msusi, na Msusi akikifumba haraka. Kiling'aa kidogo kabla vidole havijakifunika. Ufunguo mpya. Na juu ya meza ya fundi, ule wa mfano ulikuwa bado umebanwa kwenye chuma, na Bi Prufu aliutambua kwa uzi mwekundu uliofungwa tunduni. Ulikuwa ufunguo wa akiba wa nyumba yake, ule aliokuwa amempa mwanawe akae nao.

"Mama! Leo umewahi!" Msusi alisema, sauti imepanda.

"Mnachonga nini?"

"Wa saluni," shemeji alidakia. Kisha akaanza kutafuta tupa iliyokuwa mkononi mwake.

Bi Prufu akameza wembe. Siku ile hakufundisha juu ya mapazia. Alitembea kimya, akipanga moyoni: chumba cha matairi, nyumba haitakosa mtu, ufunguo. Herufi zilikuwa zikijipanga zenyewe.

Siku chache baadaye aliamua kujipima peke yake, bila shahidi. Alianza chini, akakanyaga ngazi ya kwanza, akapanda bila vile vituo vyake vya kupumzika. Pale pale ngazi zinapopinda kwenda orofa ya pili, pumzi zikaisha. Akakaa pale pale.

Msusi alipokuja, alimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umenitembeza bure."

"Mama?"

"Wiki zote hizi. Ngazi ni zile zile na pumzi ni zile zile. Ama mazoezi yako ni ya uongo, ama mna lenu jambo."

Msusi aliweka mkoba chini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kicheko popote usoni. "Mama, hujahema hata siku moja. Unanihutubia njia nzima. Mtu anayefanya kazi hawezi kuhutubia."

"Kwa hiyo ulitaka niheme mpaka nianguke? Ndiyo ilikuwa nia?"

Hata Bi Prufu mwenyewe alisikia neno lake likidondoka.

"Mama," Msusi alisema taratibu, "kama ningetaka ufe, ningekuachia ngazi. Nisingepoteza asubuhi zangu."

Akachukua mkoba akashuka. Kesho yake hakuja.

Bi Prufu alimngoja dirishani, kisha akajiambia hakuwa akimngoja. Kama ni nguvu wanayoitaka, wataiona. Alifunga mtandio, akashuka peke yake, na alipofika duka la vioo akatimua mbio. Alikimbia. Mama wa makamo yale, mjane wa Bwana Chapa, alikimbia barabarani mchana kweupe, mtandio umeteleza mabegani, viatu vikipiga makofi. Fundi vioo alisema, "Shikamo—" salamu ikabaki hewani. Mlinzi wa shule alisimama kitini. Alipolifikia geti alining'inia kwenye vyuma vyake kama nguo iliyoanikwa, kizunguzungu kikamshika, na kifungua kinywa kikataka kurudi kilikotoka. Kipande cha pili hakikuwezekana. Alirudi kwa kujikokota, akikwepa macho ya watu, hakumsalimu mtu wa kwenda wala wa kurudi.

Sasa mtaa ule ulimjua Bi Prufu. Mtu ambaye hajawahi kuruka salamu, leo ameruka zote, tena anakimbia, tena kichwa wazi. Kwa watu wenye akili timamu, hilo lilikuwa na maana moja tu.

Mchana walikuja. Jirani wa orofa ya pili alitangulia, nyuma yake muuza mboga, fundi vioo kofia mkononi, na wengine wawili. Waliingia bila sauti, wakakaa, wakatazama sakafu.

"Pole sana, dada," alisema jirani.

"Pole ya nini?"

"Jikaze. Usitufiche sisi." Jirani akamshika mkono. "Ni Dereva, siyo? Ni lori?"

Kabla Bi Prufu hajajibu, ngazi zikalia kishindo. Msusi aliingia peku, aproni ya saluni bado shingoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Ma... yu... yuko... wa..."

Alikuwa amekimbia kutoka saluni na kupanda orofa tatu bila kupumua. Bi Prufu alimtazama uso. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye poda mpaka shingoni. Mara hii hakuusoma mara mbili.

"Yu mzima!" alisema kwa nguvu. "Mumeo mzima! Hakuna aliyekufa. Nilikuwa... nilikuwa nafanya mazoezi."

Msusi aliteleza na ukuta mpaka chini, akacheka na kulia kwa pamoja. Fundi vioo alirudisha kofia kichwani, kisha akaivua tena, hajui lipi ni la adabu.

"Mazoezi?" aliuliza muuza mboga. "Yale ya kukimbia bila salamu?"

Hapo ikambidi Bi Prufu kusema jambo aliloficha kwa wiki zote hizo: kwamba siku ile ngazini haukuwa uchovu wa kikapu, bali pumzi zimemwisha, kwamba daktari ameagiza, kwamba asipoweza kupanda ngazi hizi atahama. Alilisema akiwa amenyooka, kama anayesoma tangazo. Aliona aibu imemfika shingoni. Wageni waliitikia kwa vichwa, na jirani akasema tu, "Ungesema mapema, tungekupisha njia."

Walipoondoka, Msusi alikuwa bado sakafuni. "Mama, ulikimbia hasa?"

"Hasa."

"Ukaona nyota?"

"Hata zile ambazo hazijagunduliwa."

"Basi hayo si mazoezi, Mama. Hiyo ni mbio ya mtu aliyeona nyumba inaungua. Twende kwa yule binti, umwulize lile swali lako. Na mimi safari hii nitafunga mdomo."

Walikwenda. Binti wa kliniki alisikiliza yote, akashika mdomo asicheke.

"Mama, yote mawili umekosea. Ule mwendo wa bibi harusi haushtui mwili, kwa hiyo pumzi hazioni sababu ya kuongezeka. Na mbio za kutaka kufa si lazima hata kidogo, wewe hasa usizirudie. Kipande cha nguvu kiwe kigumu, si cha mwisho wa uwezo wako. Kikiisha useme, kingine kama hicho nakiweza, ila sikitamani."

Bi Prufu alikodoa macho. Mwanzo ilikuwa haraka, haraka. Leo amepata nguvu ya kukimbia, anaambiwa apunguze. Safari ya mwanawe inakaribia kwisha, na ghafla kila mtu anataka aende taratibu? "Sasa kwa nini mnanirudisha nyuma?" aliuliza. "Nani kakwambia uniambie hivyo?"

"Hakuna, Mama. Nani ungependa akuambie?"

"Nataka kipimo nisichoweza kudanganywa nacho."

Binti alifikiri kidogo. "Una sentensi moja ndefu unayoipenda?"

Bi Prufu hakuhitaji kutafuta. "Mimi ni mjane wa Bwana Chapa, ninakaa kwenye nyumba yangu, na sihami."

Msusi akatazama dari.

"Safi kabisa. Ukiwa kwenye kipande cha nguvu, iseme. Ikitoka yote kwa mkupuo, unatembeza watalii. Usipoweza hata kusema mimi, umezidisha, punguza. Ukifika Bwana Chapa ukalazimika kuvuta pumzi, hapo ndipo penyewe. Na kile kipande cha polepole usikidharau, kiende mpaka sentensi irudi nzima."

Kipimo hicho Bi Prufu alikielewa, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekishika. Alikijaribu pale pale kwenye veranda ndefu ya kliniki, akienda na kurudi. Mara ya kwanza sentensi ilitoka yote, akakunja uso. Akaongeza hatua. "Mimi ni mjane wa Bwana Chapa," alisema, kifua kikadai chake, akavuta pumzi. Akageuka akamtazama binti kwa jicho la kumpata mtu na kosa. Hakulipata.

Asubuhi iliyofuata Msusi alikuwa mlangoni, kamba za viatu zimekazwa barabara. Hakuna aliyetaja yaliyopita. Ufunguo nao haukutajwa. Bi Prufu alikuwa ameuweka pembeni, kama neno analolitilia shaka mtu akiwa bado hajapata kamusi.

Mtaa ulikuwa umeshajipanga. Walipokaribia duka la vioo, fundi alipangusa mikono na kupaza sauti. "Mama, shikamoo yako nimekuwekea hapa! Utaichukua ukirudi!"

Bi Prufu aliinua mkono tu, akapita. Ilimchoma kidogo. Alipofika getini, jasho likimtoka, mlinzi alisema, "Leo siulizi nani kafa." Akirudi, kwenye kipande cha polepole, alichukua salamu zake moja moja, pamoja na habari za jicho na za mguu, na aligundua kwamba watu wana mengi zaidi ya kusimulia wakikungoja urudi.

Kila siku alijipima. Siku nyingine sentensi ilitoka nzima mapema mno, akajua mwili umezoea, akaongeza mwendo. Siku alizolala vibaya hakuvuka "mjane", akapunguza. Msusi alikwenda kando yake kimya. Mara moja tu alisahau, akasema, "Chapua, Mama," akatazamwa, akanyamaza. Njiani hapakuwa tena na mahubiri juu ya mapazia. Bi Prufu alishangaa kuona jinsi mkwewe alivyokuwa mtu wa kupendeza akiwa hahutubiwi.

Dereva alirudi mchana mmoja, vumbi la njia nzima kwenye kope. Hakuoga kwanza. "Tumalize," alisema.

Wakakusanyika chini ya ngazi: Dereva, Msusi, na shemeji aliyefunga kibanda chake kwa mara ya kwanza katikati ya siku.

"Shemeji, ukizimia nikushike wapi?"

"Shika ulimi wako."

Akapanda. Hakukimbia, wala hakwenda kibibi harusi. Alikwenda kwa ule mwendo wa duka la vioo mpaka getini. Pale ngazi zinapopinda kwenda orofa ya pili, miguu ilikumbuka, ikataka kukaa. Akasema kwa sauti, "Mimi ni mjane wa Bwana Chapa," akavuta pumzi, akasikia kwamba bado ziko. Jirani alikuwa amefungua mlango kiasi cha pua. Bi Prufu akampita. Nyuma yake alimsikia Dereva, mtu wa kukaa kwenye usukani maisha yake yote, akihema kama pampu ya tairi.

Alifika mlangoni kwake wima. Hakukaa, hakusimama. Aligeuka kumwambia mwanawe ile sentensi yote, na sentensi ikagoma. Akainua kidole, wangoje. Wote wakangoja.

"Sihami," alisema.

Dereva aliinua mikono kama aliyekamatwa. "Yameisha, Mama. Sitalitaja tena."

Bi Prufu akatoa ufunguo wake mfukoni. Mkono ulikuwa ukitetemeka kwa ile kazi, ukawa unagonga huku na huku pembeni ya tundu. Msusi, bila kufikiri, kwa ule wepesi wa mikono yake, alichomoa ufunguo mwingine kwenye mkoba, unang'aa, akautia, akafungua.

Kisha akaganda. Shemeji akaanza kusoma rangi ya ukuta. Bi Prufu aliinua tena kidole, na safari hii alichukua muda wake mpaka pumzi zote zilipotimia.

"Huo ufunguo ulichongwa kwa ajili ya nini?"

"Tangu ile siku ulipokaa ngazini, Mama," Msusi alisema, macho chini. "Nilikuwa silali. Nilisema, akianguka humo ndani, mlango wa Baba utavunjwa na watu kwa shoka, mtaa mzima unatazama. Ule wa mume wangu huondoka naye; safari hii alipousahau, nikamwomba baba mdogo anichongee mwingine."

"Mkasema wa saluni."

"Shemeji," alisema fundi wa funguo, "ungekubali?"

Bi Prufu akamgeukia mkwewe tena. "Na ile nyumba haitakosa mtu?"

Msusi alishtuka. Ilionekana hata hakumbuki kulisema. "Si mtu wa kufagia, Mama? Ningekuja mimi. Vitu vya Baba visile vumbi."

Mlango wake kuvunjwa kwa shoka mbele ya mtaa: hilo Bi Prufu hakuwahi kuliwaza, na lilimtia baridi kuliko ngazi zote. Akamtazama mkwewe usoni, akamsoma toka juu mpaka chini, kisha toka chini kwenda juu. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Ukae nao," alisema. "Lakini unabisha hodi kwanza. Hata ukisikia nimeanguka, hodi kwanza."

"Ndiyo, Mama."

Akaingia ndani, akaufunga mlango, akasimama nyuma yake akitega sikio. Huko nje kulikuwa na mnong'ono, halafu kicheko cha Msusi kikashuka ngazi, kikafuatwa na cha shemeji, na cha mwanawe. Bi Prufu alikingoja mpaka kikafika kwenye kona.

Kisha akaufungua mlango ghafla, aone wanacheka nini.